Sala Moja na Nusu

Kabla mtu yeyote hajaamka kwenye nyumba ya wageni, mfua mashuka alikuwa ameshasimama juu ya jiwe la mwisho, mtandio umefungwa chini ya kidevu, anaitazama bahari na kusali. Mtu angemwona angesema, huyu mama ni mcha Mungu. Na kweli alikuwa mcha Mungu. Lakini saa ile alikuwa kazini.

Alikuwa anapima mawimbi. Wimbi likivunjika kwenye ncha ya mwamba, alianza sala. Wimbi la pili likivunjika, aliangalia amefika wapi. Sala yenyewe ilikuwa fupi, aliirithi kwa mama yake mzazi: "Mungu uliyeiwekea bahari ukingo, tuwekee na sisi ukingo wako. Tusivuke, tusizame. Tukitoka utuone, tukikawia utungoje, turudi nyumbani sote." Ikikatika kwenye nusu, hilo ni wimbi la karibu, la upepo tu, kelele nyingi na nguvu kidogo, kama mbwa wa jirani. Sala nzima ni wimbi la wastani. Sala moja na nusu ni mgeni wa mbali: wimbi lililosafiri siku nyingi, ambalo kwa macho ni dogo, lakini likigusa mwamba huinuka wima kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Hilo ndilo la kuogopwa.

Mumewe ndiye aliyemfundisha. Saa ya mkono hawakuwa nayo, na saa ya simu inataka jicho moja kwenye namba na jicho moja baharini. "Sali kama unavyotwanga," alimwambia. "Pigo, pigo, pigo. Usitie huruma."

Mumewe huyo wageni na wafanyakazi walimwita Mzee Chaki. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiandika hali ya bahari kwenye ubao mweusi uliotundikwa mlangoni: kimo cha mawimbi, nafasi kati ya wimbi na wimbi, upepo, saa za maji kujaa na kupwa, na mwisho kabisa ushauri, nani aingie na nani akae nje. Watu walisafiri kutoka mbali kuja kuteleza juu ya mawimbi ya mwamba ule, kwa sababu maji yake ni ya uvuguvugu mwaka mzima na mtu anaingia na nguo nyepesi. Ndiyo raha yake, na ndiyo hatari yake: ukianguka, mwamba unakutana na ngozi tupu. Kwa hiyo walitua mizigo, wakasoma ubao, ndipo wakaulizia chumba.

Miezi kumi na minne sasa Mzee Chaki haoni. Hilo walilijua watu watatu: yeye, mkewe, na daktari wa macho.

Jana yake walikuwa kwa daktari huyo. Daktari alizungumza na mke tu, kana kwamba mume ni mzigo aliokuja nao. "Mwambie asiendelee kutumaini dawa. Presha ya jicho imeshaharibu mshipa. Kilichokwenda hakirudi."

"Nakusikia, daktari," Mzee Chaki alisema. "Masikio bado yapo."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaendelea kumwambia mke.

Asubuhi hii, juu ya jiwe, wimbi lilivunjika na mfua mashuka akaanza sala. Alianza vizuri, pigo, pigo. Lakini alipofika kwenye "tukitoka utuone" maneno ya daktari yalimrudia. Akalisema neno lile taratibu, na lililofuata taratibu zaidi, kama mtu anayeweka vikombe vya watu mezani. Kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne hakuwa anapima. Alikuwa anaomba. Wimbi la pili likavunjika hajafika "sote".

Alijaribu tena, na tena. Kila mara sala ilimvuta palepale, na kila mara wimbi lilimkuta hajafika mwisho. Maji yalikuwa karibu kujaa, mawimbi yanapita kwa ulaini juu ya mwamba, kimo cha kiuno. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akashuka.

*

Chumba chao kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, ukuta mmoja na mashine mbili za kufua na ile ya kukaushia. Kilikuwa chumba cha mwandishi wa ubao. Anayeandika ndiye anayelala humo. Mzee Chaki alikuwa amekaa kitandani, ameshavaa shati, vifungo vimepishana kimoja. Mkewe alivifungua akavifunga upya.

"Nipe," alisema mzee.

"Kiuno. Hayazidi kiuno. Upepo unatoka bara, hafifu. Maji yatajaa saa moja."

"Nafasi?"

"Sala haikufika mwisho."

Mzee aliinamisha kichwa. "Haikufika?"

"Mara tatu nimepima. Niliishia 'nyumbani', mara moja 'utungoje'."

"Ajabu. Tangu nimeamka nasikia kitu kingine. Kabla hujatoka, mashine zikiwa zimezimwa, nilisikia likipiga, halafu kimya kirefu, halafu likapiga. Kimya kile ni cha wimbi la mbali."

"Mimi nimetoka huko sasa hivi."

"Najua. Labda urudi upime tena. Dakika kumi tu."

Alikuwa na mashuka ya vyumba kumi na vinane yanamngoja, usiku hakulala, na maneno ya daktari yalikuwa bado yamemkaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Akasema, "Sasa unataka macho yangu au masikio yako? Chagua kimoja nijue."

Neno likishatoka halirudi. Mzee Chaki alipapasa kitanda mpaka akaipata leso yake, akaikunja nne, akaikunjua.

"Macho yako," alisema. "Andika: kiuno. Nafasi fupi. Maji yatapwa saa saba. Wanaojifunza waingie mpaka saa sita."

Mke alichukua boksi la chaki, akatoka.

Hakuna aliyewahi kugundua kwamba mwandiko wa ubao umebadilika mkono, kwa sababu haukubadilika. Mke alianza darasa la jioni la watu wazima akiwa na miaka arobaini na sita, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitabu, alijifunzia kwenye ubao wa mumewe, akinakili kila herufi kama ilivyo. Mwalimu wa jioni alimwambia ana mwandiko wa kiume. Yeye hakuwa na mwandiko mwingine wa kuufananisha.

Alikuwa anamalizia neno la mwisho aliposikia kandambili zinakuja, akaficha chaki mfukoni. Alikuwa Kocha, mwalimu wa kuteleza, mtu wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, anayechelewa kila mahali isipokuwa baharini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee ameshaandika?"

"Ameandika, amerudi kujilaza. Mgongo."

"Huo mgongo wa mzee nao! Mwaka mzima unauma asubuhi tu. Jioni nasikia anaimba humo ndani." Akausoma ubao huku akijikuna shingo. "Mpaka saa sita? Safi. Leo nina watano, mmoja wao jana alipanda ubao wa kutelezea kinyumenyume. Nikamwambia dada, ufukwe uko huku, huko unakokwenda ni nchi ya watu." Alitoa simu, akaitazama. "Mtandao nao unasema wimbi kubwa litafika kesho usiku. Wimbi kama harusi, likisema kesho ni keshokutwa. Mwambie mzee asante."

"Nitamwambia," alisema mfua mashuka. Chaki ilikuwa imevunjika mfukoni mwake.

*

Saa nne na nusu alikuwa anatoa mashuka kwenye mashine ya pili. Ya kwanza nayo ilipozimika akasikia bahari, na mikono yake ikasimama.

Dum. Halafu kimya. Kimya kilichokuwa kirefu mno. Alisali bila kukusudia, haraka haraka, kwa woga, akaimaliza sala, akaianza tena, akafika "tusizame". Dum.

Alitoka mbio. Maji yalikuwa yameshuka nusu, mwamba umeanza kuonyesha mgongo, na juu yake mawimbi yalikuwa yanainuka marefu kuliko mtu. Ufukweni watu walikuwa wamekusanyika. Kocha na mgeni mmoja walikuwa wamembeba msichana mwenye kofia nyekundu, yule aliyepanda kinyumenyume jana. Bega lake moja lilikuwa limelegea chini ya jingine, na kutoka hapo mpaka kiunoni ngozi ilikuwa imechanwa mistari mistari, kama mtu aliyekwaruzwa kwa mbuzi ya nazi. Alikuwa hai. Alikuwa anamwita mama yake, polepole, kwa adabu, kama anayeogopa kusumbua watu.

"Taulo!" Kocha alipaza sauti. "Mama, taulo!"

Akakimbia kuleta taulo. Njia ya kurudi ufukweni ilipita mlangoni, na mlangoni kulikuwa na ubao. "Wanaojifunza waingie mpaka saa sita." Herufi zilisimama pale, nzuri, zimenyooka. Alikuwa na taulo sita mikononi. Moja ilikuwa mbichi. Mkono ulikwenda wenyewe. Akapangusa ubao mara mbili, kwenda na kurudi, kisha akakimbia.

*

Gari lilimchukua msichana kwenda hospitali. Alasiri ikaja habari kwamba bega limevunjika mfupa mmoja, ameshonwa, atapona. Watu walishukuru Mungu. Baada ya kushukuru, wakaanza kutafuta wa kulaumiwa.

Meneja wa nyumba ya wageni alikuwa mwanamke mwembamba aliyetembea na funguo zote kwenye kamba shingoni. Alimsimamisha Kocha uani, karibu na kamba za kuanikia, watu wakipita.

"Nani alikwambia uwaingize wanafunzi maji yakiwa yanapwa?"

"Ubao, bosi. Uliandikwa mpaka saa sita."

"Ubao uko wapi?"

"Umefutwa. Sijui nani kaufuta."

"Umefutwa." Meneja alitazama nywele za Kocha zilizokauka chumvi. "Miaka ishirini na miwili mzee yule hajakosea. Wewe juzi ulikuja kikao cha saa mbili saa tatu na nusu. Sasa nimwamini nani?"

"Bosi, naapa."

"Usiape. Kusanya vitu vyako, jioni uje ofisini kwa mazungumzo ya mwisho. Sitaki kelele mbele ya wageni."

Mfua mashuka alikuwa nyuma ya shuka lililoanikwa, hatua tatu kutoka kwao. Aliona vivuli vyao viwili juu ya kitambaa cheupe, kimoja kirefu na kingine kimeinama. Alikuwa na kibanio kimoja cha nguo mdomoni na hakukitoa.

Meneja aliuvuta mlango wa chumba cha nyuma, akachungulia kwa mzee. "Pole na joto, mzee. Nina swali moja tu. Kwenye ubao leo, wanafunzi uliwaandikia saa ngapi?"

Mzee Chaki aligeuza uso kuelekea sauti, akapitiliza kidogo, akawa anaongea na dirisha. "Kwani kuna nini, bosi?"

"Msichana ameumia. Kocha anasema uliandika saa sita. Mimi nasema haiwezekani, maji yalikuwa yanapwa na wimbi ni lile unaloliogopa wewe mwenyewe. Niambie saa tatu, nimalize."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Saa tatu. Maneno mawili tu.

"Nitakuja ofisini jioni," alisema mzee. "Nataka nikumbuke vizuri."

"Usijisumbue kutembea na huo mgongo. Mtume mama." Meneja alimtupia jicho mfua mashuka aliyekuwa amesimama mlangoni na kapu, akaondoka, funguo zikigongana.

*

"Funga mlango," alisema mzee.

Aliufunga.

"Kaa hapa. Sali kama ulivyosali asubuhi."

"Nilisali kawaida."

"Basi sali kawaida."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mzee alichukua kiganja cha mkewe akakiweka juu ya goti lake, na kwa kidole cha mkono mwingine akaanza kugonga ubao wa kitanda, taratibu, sawasawa, kama saa ya ukutani. Mke alianza: "Mungu uliyeiwekea bahari ukingo." Pigo kwa pigo, kama kutwanga. "Tuwekee na sisi ukingo wako. Tusivuke, tusizame." Kidole kiligonga. "Tukitoka..."

Hapo ikatokea tena. Sauti ilishuka. "Tukitoka utuone," alisema, na akakaa kwenye neno lile, na kidole kikagonga mara tatu bila yeye kusonga. "Tukikawia... utungoje." Akavuta pumzi. Kidole kikagonga. "Turudi nyumbani..."

Kidole kilisimama.

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kukaushia ilikuwa inazunguka na kifungo fulani cha nguo kikigonga chuma, tik, tik.

"Ulikuwa unaniombea mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Na nafasi ikawa fupi kwa sababu sala ilikuwa ndefu."

Mke akaanza kulia, si kwa sauti. "Nilikusema vibaya. Ulisikia sawasawa, mimi nikakufunga mdomo. Na yule mtoto wa watu amechanika mgongo mzima. Nimefuta ubao. Ni mimi. Mkono ulikwenda wenyewe, sikuutuma."

"Nilimsikia Kocha uani akisema umefutwa, nikajua ni wewe. Nani mwingine hapa anafuta kitu kabla hakijachafuka?" Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mimi nilijua sauti ile ni ya wimbi la mbali. Nilijua kama ninavyokujua wewe. Lakini uliponiambia nichague, nilisikia uchungu, nikasema moyoni, basi, ngoja aone. Unasikia? Niliacha kusudi. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako."

Hilo lilimchoma kuliko kugombezwa. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na leo alfajiri kila mmoja alikuwa amekaa na lake upande wake wa kitanda.

"Tukisema ukweli, chumba hiki si chetu," alisema mke.

"Tukinyamaza, Kocha hana kazi."

"Kocha kijana, atapata nyingine."

"Atapata wapi, akishaitwa mwalimu aliyewatia wanafunzi mwambani? Hata kuwafundisha bata hatapewa."

Mke alicheka na machozi yakiwa hapohapo, kisha akamwomba Mungu kwa dakika moja ndani ya kifua amwonyeshe mlango mwingine. Hakuonyeshwa. Akasimama, akamtafutia mumewe viatu.

*

Kutoka chumbani mpaka ofisini ni hatua themanini na tano kukatisha uani. Kwa miezi kumi na minne Mzee Chaki alikuwa hazitembei mchana. Alitoka amemshika mkewe kiwiko. Mpishi alisimama na mwiko mkononi. Mtunza bustani alifunga bomba. Kwenye ngazi ya ofisi mzee aliinua mguu juu mno, kama mtu anayevuka ukuta, akatua kwa kishindo, na mgeni mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha kamba akatazama pembeni kwa heshima. Heshima ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Kocha alikuwa mle ndani, anasaini karatasi.

"Usisaini," alisema mzee kuelekea alikosikia kalamu. "Bosi, uliandikwa saa sita. Kocha hajasema uongo."

"Mzee, uliandika..."

"Sikuandika. Mimi sioni, bosi. Tangu mwaka jana."

Meneja alimwangalia mzee, akamwangalia mke, kisha akafanya jambo ambalo pengine baadaye alilionea haya mwenyewe. Aliinua vidole vitatu mbele ya uso wa mzee. "Hivi ni vingapi?"

"Hata nikibahatisha nikapata," Mzee Chaki alijibu, "bado sioni."

Vidole vilishuka.

"Ninayeandika ni mimi," alisema mke. "Naangalia, nampelekea, ananiambia niandike nini. Leo nilipima vibaya. Na aliyefuta ubao ni mimi, Kocha akiwa na damu ya watu mikononi ananiita nilete taulo."

"Miezi kumi na minne mmenidanganya."

"Ubao haukudanganya hata siku moja," alisema mzee. "Isipokuwa leo."

"Leo imetosha." Meneja hakupandisha sauti. Alikaa, akazipanga funguo juu ya meza moja baada ya nyingine. "Mnajua nina skrini stoo tangu mwaka jana? Ipo kwenye boksi lake. Makao makuu walileta, ukiiwasha inaonyesha mawimbi ya wiki nzima. Sikuifungua. Nilisema, mzee yupo." Akausogeza ufunguo wa mwisho. "Ningekuwa nimeambiwa ningejua la kufanya. Sasa sina la kufanya. Mama, kufua utaendelea ukitaka. Chumba, mpaka mwisho wa mwezi. Atakuja fundi wa skrini, ndiye atakayekaa humo."

"Tumesikia," alisema mzee.

"Na yule msichana nitamwandikia mimi."

"Nitamwandikia mwenyewe," alisema mfua mashuka. "Mwandiko anaujua."

Nje, Kocha aliwafuata mpaka karibu na kamba za mashuka. Mwishowe akasema, "Mama, mimi kila asubuhi nilikuwa napita pale. Kila asubuhi. Ungeniambia tu, ningekuwa naangalia na wewe."

Alimtazama. Haikuwahi kumjia akilini, hata siku moja.

"Asante, mwanangu," alisema.

"Mgongo," Kocha alimwambia mzee, akitikisa kichwa. "Kumbe mgongo!" Akaondoka akijifuta pua kwa mkono.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama mfua mashuka alimpigia simu binti yao wa pekee, anayefanya kazi mji mwingine. Kila Jumapili alimwambia hawajambo, baba yako anakusalimia, yuko ubaoni. Leo haikuwa Jumapili. Alimweleza yote, kuanzia macho. Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu na mlango unaofungwa, kisha pakawa kimya.

"Mama, mbona hamkuniambia?"

"Tuliona una mambo yako."

"Baba ni mambo ya nani?"

Walikaa hivyo, kila mmoja akisikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka salio likaisha.

*

Alfajiri iliyofuata aliamka saa ileile, kwa mazoea. Alikuwa ameshafunga mtandio ndipo akakumbuka kwamba hakuna anayemngoja. Akakaa tena kitandani gizani.

"Twende," alisema mzee.

"Wapi?"

"Huko unakokwenda kila siku."

Iliwachukua muda mrefu. Kwenye mawe alimwongoza mguu mmoja baada ya mwingine, hapa, hapana, hapa, na mara mbili mzee aliteleza akashika mtandio wake badala ya mkono. Walifika jiwe la mwisho wakiwa wamelowa magoti. Alimkalisha. Upepo ulikuwa wa bara, hafifu. Mzee aliinua kidevu akavuta hewa kama mtu aliyefika kwao na kukuta nyumba ipo lakini funguo hana.

"Ni kubwa?" aliuliza.

"Kubwa. Yamepita kichwa cha mtu. Ncha ya mwamba ni nyeupe yote."

"Ile nyeupe inafika mpaka kwenye lile jiwe lililopasuka?"

"Inalipita."

Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa anaitazama bahari, upande ambao siyo. Mkewe alitaka kumgeuza uso, akaacha.

Wimbi lilivunjika. Kwa mazoea akaanza, "Mungu uliyeiwekea bahari ukingo," pigo, pigo, na mkono wa mzee ukamgusa.

"Leo usihesabu."

Basi akaanza upya. Alisali kama alivyosali jana, kwa mwendo ule uliovunja bega la mtu, ila sasa hakuna aliyekuwa anaingia baharini kwa neno lake. Alipofika kwenye "utuone" alikaa hapo. Akamtaja mumewe. Akamtaja msichana wa kofia nyekundu, akamtaja binti yake na mambo yake. Mawimbi yalipiga nyuma ya maneno yake, mangapi hakujua.

Chini ya mawe kandambili zilisikika. Kocha alikuwa amesimama na ubao wake wa kutelezea kwapani, simu mkononi, peke yake, bila wanafunzi.

"Shikamooni! Mzee, simu inasema sekunde kumi na saba kati ya wimbi na wimbi. Wewe unasemaje?"

Mzee Chaki aliinua kiganja bila kugeuka.

"Subiri kwanza," alisema. "Amalize."

Kocha akaweka ubao wake mchangani, akasubiri.